Mwanetu Alisimama Marseille

Toronto, 18 Oktoba 1998

Mdogo wangu Épiphanie,

Amani ya Bwana iwe kwako na kwa wote walio chini ya paa lako hapo Kigoma. Waliotoka huko wanasema mvua zimewahi mwaka huu. Natumaini hazijakuletea homa. Sisi hatujambo. Shemeji yako Gaspard analalamikia mgongo tangu baridi ilipoanza, ila Jumapili huwa wa kwanza kuvaa tai. Hapa mtaani kwetu Lawrence Heights majani yamekwisha kupukutika, na wazee ninaowahudumia kazini wananiuliza kila asubuhi kama theluji imeanguka.

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nilikuwa safarini, na habari za safari hiyo nilitaka kukuandikia nikiwa nimetulia. Épiphanie, nimefika Marseille! Ni mji wa Ufaransa ulio kwenye pwani ya Mediterania, nami nilipelekwa huko na mtoto wetu Aurore.

Unajua kwamba anasomea shahada ya udaktari katika mambo ya maji. Ametengeneza pipa la mchanga linalochuja maji machafu mpaka yanyweke, bila umeme, kwa ajili ya watu walio katika kambi za wakimbizi. Kazi yake ikakubaliwa isomwe kwenye mkutano wa wataalamu wa maji kutoka nchi nyingi. Lakini Joyeuse, mtoto wake, ndiyo kwanza ana miezi mitatu, na mumewe hakupewa ruhusa kiwandani. Profesa wake akamwambia kwa upole kwamba asihangaike, yeye ataisoma kwa niaba yake. Aurore akaja kwangu amenuna, akanieleza yote kwa Kiingereza chake cha haraka. Mimi nikamjibu kwa Kiswahili changu kwamba kazi ya mtu haisomwi na mwingine wakati mwenyewe yu hai na ana sauti. Nikamwambia, “Wewe shika karatasi zako, mimi nitamshika mtoto.” Kesho yake nikaomba likizo.

Ungeuona mji ule ungecheka. Asubuhi, kwenye bandari ya zamani, wanawake wanauza samaki kwa kelele, wanatukanana na kuchekeana, nikajiona niko hapo kwenu, sokoni Kibirizi, siku ya dagaa wengi. Mmoja aliniita “mama” kwa Kifaransa, akaniuliza huyo niliyembeba mgongoni kwa kitenge hapati joto. Nikamjibu kwa Kifaransa cha masista waliotufundisha kwetu Rumonge, kabla hatujakimbia, kwamba mgongo wa bibi haujawahi kumwunguza mtu. Juu ya kilima kuna kanisa la Bikira Maria, na ndani yake zinaning'inia merikebu ndogo ndogo, shukrani za mabaharia waliookoka. Niliwasha mshumaa mmoja kwa ajili yako. Upepo wao ni mkali, ulininyang'anya kilemba changu cha bluu, kimekwenda baharini.

Siku ya Aurore kusoma kazi yake nilikaa safu ya nyuma karibu na mlango, ili Joyeuse akilia nitoke. Hakulia. Ukumbi ulijaa watu wenye nywele nyeupe na vitambulisho shingoni. Aurore akapanda jukwaani, mrefu, amevaa gauni la kijani nililomshonea mwenyewe, akasema kama anayezungumza na majirani. Sikuelewa hesabu zake, lakini niliona wengine wanaandika, na profesa wake anatabasamu kana kwamba pipa ni lake.

Kisha mzee mmoja akasimama. Alisema kazi ni nzuri huko maabara, lakini kambini, kwa watu ambao hawakusoma, nani atalitunza pipa hilo? Wengine wakatikisa vichwa kukubaliana naye. Aurore akasema, “Bwana, mimi nilizaliwa ukimbizini. Waliochota maji huko ni mama yangu na mama yangu mdogo. Hawakupungukiwa na akili, walipungukiwa na maji safi. Pipa langu likiharibika mikononi mwao, kosa ni la pipa, nami nitalitengeneza upya.”

Walipiga makofi, mdogo wangu. Mzee yule mwenyewe alipiga makofi, akamfuata baadaye kumwomba anwani. Na mimi pale nyuma nilikuwa nalia mbele za watu, kwa sababu alikuwa amekutaja wewe.

Sasa nakuandikia jambo ambalo limenifanya niichane barua hii mara mbili.

Tangu Joyeuse azaliwe, Aurore amekuwa akiniuliza ilikuwaje nilipomzaa yeye: kama uchungu ulinichukua muda mrefu, kama aliumwa tumbo jioni kama binti yake. Kila mara nilipata sufuria ya kusugua. Kesho yake baada ya mkutano tulikaa juu ya ukuta wa mawe ufukweni, ananyonyesha, akaniuliza tena. Nikamtazama. Nikaona kwamba mtu aliyesimama vile mbele ya wakubwa hawezi kuvunjwa na ukweli, na mimi sikuwa na haki tena ya kumdanganya.

Nilimwambia, Épiphanie. Nilimwambia kwamba wewe ndiye uliyemzaa. Kwamba baba yake ni Évariste, aliyebaki Rumonge mwaka ule tulipokimbia mauaji. Kwamba Gaspard alipopata nafasi ya masomo huku kwa njia ya kanisa, wewe ulikuwa umelazwa kwa kifua kikuu, ukiamini hutapona, ukaniwekea mtoto mikononi na kuniapisha asijue kamwe, asije akakua akimlilia maiti. Ukapona, Mungu asifiwe, lakini kiapo nikakishika. Nimekivunja. Ukinikasirikia, nitapokea.

Alinyanyuka na mtoto wake akaenda mbali kando ya ukuta, nami sikuthubutu kumfuata. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Siku ile hakula nami, wala hakunisemesha. Ni ndani ya ndege aliponiuliza Évariste alikuwa mtu wa namna gani. Nikamwambia alikuwa mwalimu, na kwamba yeye Aurore anatembea vilevile kama alivyotembea baba yake. Kisha akaniuliza habari zako kwa Kiswahili, yeye ambaye hunijibu Kiingereza siku zote: “Mama, yeye anajua mimi nimesoma mpaka hapa?” Nikamwambia unajua kila darasa, kila homa, kila jino lililong'oka. Akanishika mkono mpaka tulipotua.

Anataka kuja kwako Desemba pamoja na Joyeuse. Lakini kabla ya hapo mwandikie. Siku aliyozaliwa mimi nilikuwa bado njiani na Gaspard. Nilipofika Kigoma nilikukuta tayari unamnyonyesha. Mwambie kama mvua ilikuwa inanyesha, nani alikushika mkono, na neno gani la kwanza ulimwambia ulipomwona. Yote mengine nimempa. Hayo sina.

Gaspard anakusalimu sana, naye analala usingizi mzuri tangu nimwambie Aurore ukweli. Wasalimie watoto, na mama wote wa kwaya.

Mimi dada yako Donatienne, ambaye watu wa hapa wananiita Mama Aurore. Jina hilo sasa tuligawane.