Dada Yake Bwana Kesho

Jumatatu, 9 Juni 2025
Gazeti limeondoa katuni ya Bwana Kesho! Mahali pake wameweka tangazo la mbolea. Miaka thelathini jamaa huyo anapanda ngazi azibe paa, anaanguka, anasema "kesho" — na Baba anacheka kama mara ya kwanza. Tangu ugonjwa wa sukari umpofushe, mimi ndiye humsomea kila asubuhi, picha kwa picha. Hatuna kicheko kingine nyumba hii. Kwa hivyo leo nimemtungia. Bwana Kesho ameangukia pipa la maji. Baba amecheka mpaka akakohoa. Mungu anisamehe.

Alhamisi, 12 Juni
Leo nimetunga ya nne. Nimeishiwa na mahali pa kumwangusha. Nimempa Bwana Kesho dada: anashika ngazi kutwa, hakuna wa kumwambia asante. Baba akauliza, ati huyo msichana hapumziki? Nikasema mchoraji hajaonyesha.

Jumatano, 18 Juni
Jana usiku Dancan alipiga simu kutoka Bungoma. Atakuja Jumapili, ana jambo la kuongea na Mzee. Namjua kaka yangu — ni hati ya shamba la Moi's Bridge. Miezi minane hajakanyaga Kitale, na bado Baba ni Dancan wangu, Dancan wangu. Mimi ninayemwosha miguu ni hewa. Nimechoka! Asubuhi nikatunga: dada ameshika ngazi, kaka anashuka kwenye gari, anauliza hili paa litakuwa la nani.
Baba hakucheka. Aliniomba nirudie.

Jumapili, 22 Juni
Dancan yuko hapa. Ameleta kilo mbili za nyama kutoka Kanduyi, imefungwa kwa gazeti kuukuu. Naifungua — katikati ya damu, Bwana Kesho! Dancan akaninyang'anya karatasi, mbio kwa Baba. Alisoma vizuri, sitamnyima hiyo. Ngazi, kuanguka, kesho.

"Hiyo ni ya zamani," Baba akasema. "Siku hizi iko kali. Siku hizi kuna dada."
"Dada gani, Mzee? Bwana Kesho hana dada, bana!"
"Anaye. Na kaka yao alikuja Jumatano akauliza paa ni ya nani."
Nikakimbilia jikoni na nyama. Naandika nikiwa nimesimama. Baba ananiita: "Mukami! Kuja umwambie kaka yako huyo dada alimjibu aje."
Tangu nimtunge, sijampa dada neno hata moja la kusema. Dancan amesimama mlangoni, karatasi mkononi, anangoja jibu.