Uyoga Uliofichwa Tumbo

Jumatatu, 2 Februari

Sare tatu za shule nimemaliza kushona, ya nne imekosa vifungo. Mvua saa tisa, kama jana. Mama mkwe amekunywa uji wake, akasuuza kikombe mwenyewe, akakiweka mbali kidogo na vikombe vyangu. Leo siku ya tisa tangu aje, na hajala kingine kwangu.

Paa la nyumba yake Lionja lilishuka na mvua ya mwezi uliopita. Mume wangu Saidi alimfuata, akamleta kwetu hapa Nachingwea. Fundi anaezeka upya, amesema Ijumaa atamaliza. Mama anasema paa likikamilika anarudi akafunge kwake. Ramadhani inaanza baada ya wiki mbili. Utakuwa wa kwanza bila baba mkwe. Peke yake, na daku lake, na kimya chake.

Kabla ya kuja kwetu alipelekwa Ruangwa kwa wifi yangu. Siku tatu, uji mtupu, akaaga. Kwa hiyo dalili naijua. Mtu asiyekula kwako yuko safarini.

Nataka abaki. Si wema, nisijisifu. Ni kwamba anacheka. Nimemsikia mara moja tu, alidhani niko sokoni, alikuwa anamsimanga jogoo wangu kwa Kimwera na kucheka hadi anakohoa. Tangu binti yetu Rehema aende bweni nyumba hii haijasikia kicheko cha namna hiyo. Mimi na Saidi tunacheka kwa zamu, tena kwa adabu.

Jumanne, 3 Februari

Siku ya aibu. Naiandika yote.

Jirani yangu Mama Anjela, Mngoni wa Songea, mwenye simu kubwa na siri ndogo, alinionyesha video mchana. Mwanamke anajaza nyama ya steki ndani ya uyoga. Chakula cha jioni cha haraka, dakika ishirini. Nikajua hapo hapo: Mama ni mtu wa uyoga. Watu wa Lionja wote wanasema hivyo. Nikimpikia hiki atakula.

Nimefunga cherehani saa kumi na moja. Bucha, steki nusu kilo. Soko, uyoga mpana kama visahani, kwa mama mmoja aliyesema anatoka Chunyu. Nimekata miguu. Nimekwangua chini kwa kijiko mpaka pakawa laini, kama kwenye video. Steki nimeikatakata ndogo, nikaikaanga na kitunguu, kitunguu saumu na pilipili manga. Jibini hapa utaipata wapi. Nikatwanga korosho. Nikajaza, nikapanga kwenye sufuria, nikafunika, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Dakika ishirini zimekuwa saa nzima na robo. Yule wa kwenye video hakupuliza mkaa wenye unyevu.

Harufu ilikuwa nzuri kiasi kwamba nilijiona mtu wa maana.

Nimempakulia Saidi kwanza, baba wa nyumba, ndivyo nilivyofundishwa. Kisha Mama. Amechukua mmoja, akaupindua. Nyama yote ikamwagika sahanini. Akauangalia chini kwenye taa.

“Huu unaitwa nani?”

“Uyoga, mama.”

“Uyoga nani?”

Akamgeukia Saidi, ambaye alikuwa amemeza wawili na wa tatu yuko shavuni.

“Tema.”

Mwanaume wa miaka arobaini na sita ametema kwenye kiganja cha mama yake.

Mama amefunika sufuria, ameitoa nje, amerudi na kiti, amekaa mbele ya Saidi. Amemtazama kama maziwa yaliyo jikoni. Kila baada ya muda anamwuliza tumbo linasemaje. Saidi anasema linasema lina njaa. Mama hajacheka.

Mimi nimekula ugali na chumvi, jikoni, nimesimama.

Jumatano, 4 Februari

Saidi mzima. Ameamka na kuomba kiporo.

Amenieleza kabla ya kwenda kazini. Kwao uyoga haupakuliwi kwa baba kwanza. Aliyechuma na aliyepika wanakula mbele ya wote, wengine wanangoja. Wakiinuka wazima, ndipo sahani zinatembea. Mimi mpishi sikugusa hata mmoja. Nimemheshimu mume wangu moja kwa moja kaburini, ndivyo Mama alivyoona.

Nimemwuliza kwa nini hakuniambia miaka yote hii. Anasema miaka yote hii nilikuwa nanunua kabichi.

Mama leo hata uji ameacha nusu. Nimeshona vibaya. Nina hasira na Mama Anjela, na video, na mimi. Zaidi mimi.

Alhamisi, 5 Februari

Asubuhi chumba cha Mama kitupu. Kitanda kimetandikwa, kandambili hazipo. Saidi ameshaondoka.

Nimetoka na kanga begani, mpaka yanapopakia magari ya Lionja. Hayupo. Kondakta ameniuliza kama nasafiri, nimemjibu vibaya. Nimelia kidogo nyuma ya duka la mbolea, kisha nikanunua chumvi ili safari isiwe ya bure.

Saa nne narudi, namkuta kibarazani. Matope mpaka magotini. Mbele yake beseni langu la kufulia limejaa uyoga, na mizizi yake, na udongo wa kichuguu. Ameuliza nilikuwa wapi. Nimesema kununua chumvi. Ameangalia macho yangu, ameangalia chumvi.

Kisha amegonga gogo lililo kando yake. Nimekaa. Nimefundishwa kama mtoto wa chekechea, na nimefurahi kama huyo mtoto. Kiswahili chake kinapokwama anatia Kimwera, Kimwera changu kinapokwama ananipiga kidole. Huu wa kichuguu: mguu unaendelea chini ardhini, mrefu, mgumu, unachongoka kama sindano ya gunia. Ukiung’oa usipouona mzizi huo, uache. Chini ya kofia yake mikunjo myeupe. Ule mwingine unaofanana nao una kikombe shinani kama yai lililopasuka, huo hata mbuzi asiuguse. Ananiambia:

“Juu wote wazuri. Uyoga anajulikana chini. Wewe ukamkata mguu, ukamkwangua uso, ukamvika nyama, halafu unatuambia mgeni huyo, mkaribisheni.”

Nimecheka. Nimeshindwa kujizuia. Naye akacheka! Mpaka akakohoa. Jogoo amekimbia.

Nikauliza, kwa unyonge wa kujifanya, kama basi ile nyama niiache. Amefikiri. Amesema nyama haina kosa.

Jioni tumepika wote wawili. Steki tena, korosho tena, mikunjo haikukwanguliwa. Yeye amesukuma vitunguu vyangu pembeni akavikata upya, vidogo zaidi. Amri yake moja: kila uyoga ulale sahanini na mguu wake kando, mzizi na yote, mlaji amwone ni nani. Umbea wangu unasema ulionekana kama mkutano wa watu na vitambulisho vyao.

Hapo ndipo nilipokumbuka maneno ya Saidi. Aliyechuma ni yeye. Mpishi ni mimi. Kwa desturi yake mwenyewe hana pa kukimbilia. Nimeweka sahani moja tu mezani.

Ameitazama sahani. Amenitazama mimi. Nadhani ameiona hila yangu yote, kuanzia juu mpaka mzizi.

“Mjanja wewe,” amesema. “Nawa mikono.”

Tumekula sahani moja. Wa kwanza ameutafuna pole pole, macho amefumba. Wa pili haraka. Wa tatu ameuchukua upande wangu. Saidi amesimama mlangoni, amekatazwa kukaa, anameza mate.

“Mama, tumbo linasemaje?”

“Linasema ungoje.”

Mama Anjela ameingia bila hodi, kama mtani. Ametia mkono sahanini, amedaka mmoja, ameuzungusha hewani.

“Wamwera kwa woga! Uyoga mpaka uapishwe!”

“Weka chini, Mngoni. Nyie mnakula kwanza, jina mnauliza baadaye.”

“Na tumeshiba!” Ameumeza wote. Mama amempiga na kitambaa cha sufuria, na wote wawili wanacheka hadi nimeshika mfuniko usianguke. Kisha Mama akamkalisha kitini na kumwambia sasa haondoki mpaka tumuone mzima. Mama Anjela amesema vizuri, basi aongezewe wa pili angojee akiwa ameshiba.

Saidi amekula wake ukiwa umepoa. Amesema ni chakula kitamu kuliko vyote tangu aoe. Sijajua nimepongezwa au nimetukanwa.

Ijumaa, 6 Februari

Fundi amepiga simu saa sita. Paa limekwisha, halivuji hata tone. Saidi amemwambia Mama mbele yangu. Mama amesema vizuri. Neno hilo tu. Kisha amekwenda kuswali.

Chakula kimoja hakifuti ahadi, najua. Amekula wali mchana. Hilo pia naliandika. Nimeshona mkono wa kushoto kwenye bega la kulia, nimefumua, nimerudia kosa lile lile. Sijauliza kama anaondoka. Naogopa jibu.

Jumapili, 8 Februari

Mvua haikunyesha. Anga safi.

Asubuhi Mama amemwita Saidi, amemtuma Lionja. Amemwagiza kinu chake kidogo, miwani iliyo ndani ya mto, na msala wake. Ufunguo wa nyumba amwachie mpwa wake, awe anafungua madirisha. Saidi amenitazama. Nimetazama jiko.

Sasa amekaa karibu na cherehani, anachambua mchele wa kesho kwenye ungo. Mawe anayatupa nje ya mlango, moja moja. Hatujasema lolote kuhusu mwezi kuandama.

Amemaliza ungo wa kwanza. Ameomba wa pili.