Chumba cha Bwera na Saruji ya Baba

Bwera, 18 Novemba 2024

Kwa Baba yangu mpendwa, Hajji Magidu,

Assalaam aleikum. Naanza na goti lako, maana nikianza na mengine utasema nimekusahau. Dawa ya kuchua unaitumia, au umeiweka dirishani uitazame? Mimi ni mzima. Mvua huku hainyamazi, na baridi inashuka kutoka milimani kila jioni mpaka nalala na soksi.

Ulisema simu tuiache kwa sababu kila tukipigiana tunagombana, nami nimekubali. Dereva wako Latif atanibebea barua kila akipita na lori.

Baba, shule zinakaribia kufungwa, na maktaba yetu imepanga mambo ya likizo. Jumamosi ya tarehe saba mwezi ujao, saa nne asubuhi, tunafungua kwa hadithi za milimani. Watu wazima watasimulia, watoto watasikiliza, nami nitaziandika ili siku moja ziwe kitabu. Baadaye kutakuwa na mashindano ya omweso, bao la huku kwetu, na siku moja ya kushona vitabu vilivyochanika. Aimée, yule dada Mkongo wa Butembo anayeuza vitenge, atawafundisha wafanyabiashara wetu Kifaransa cha kuulizia bei. Ratiba nimeibandika sokoni, msikitini na kanisani, na redio wameitangaza.

Najua chumba hiki cha maktaba ni chako na ulinipa kwa mwaka mmoja tu, na mwaka unaisha. Nakuomba usikichukue kabla hujaona likizo hii. Sina kingine ninachokuomba.

Mwanao,
Rashidah


Kasese, 23 Novemba 2024

Mwanangu Rashidah,

Waaleikum salaam. Goti lipo, linanitangulia kila ninakokwenda. Dawa iko dirishani, umejuaje? Majirani wote hawajambo na wanakusalimu, hasa Nasifah wa duka la pili, anayeuliza kila siku kama umepata mume au bado unasoma.

Ratiba yako nimeisoma. Ni ndefu kuliko foleni ya malori pale mpakani. Sasa nisikilize. Chumba kile nilikijenga kiwe ghala. Saruji naitoa kiwandani Hima, inapita hapa, inakwenda Kongo, na pale Bwera naiweka katika ghala la kukodi huku chumba changu mwenyewe kimejaa vitabu. Watu wa hapa wananicheka. Tena Latif ameniambia kila akipita anakukuta peke yako unapangusa vumbi.

Mimi si mtu mbaya. Chumba hicho kikijaa watu likizo hii, nitanyamaza na utakaa. Kikibaki na viti vitupu, kinakuwa ghala, nawe unarudi nyumbani. Nyumba hii imekuwa kubwa mno tangu mama yako, Mungu amrehemu, atutoke. Naweka sahani ya pili mezani kwa mazoea, kisha naiondoa.

Ni mimi Baba yako,
Magidu


Bwera, 8 Desemba 2024

Kwa Baba yangu,

Assalaam aleikum. Natumaini umelala vizuri kuliko mimi. Mwili wangu hauna ugonjwa, ila moyo umechoka.

Sitakudanganya, kwa kuwa Latif alipita na ameona. Jana ilikuwa siku ya hadithi. Nilifagia, nikatandika mikeka, nikachemsha chai ya tangawizi sufuria nzima. Saa nne ikafika, saa tano ikafika. Aliyeingia ni Kosmasi, mlinzi wa soko, na alitaka kujua kama tunachaji simu. Baadaye wakaja watoto wawili kujikinga jua, wakanywa chai, wakaenda. Watu niliowaomba wasimulie walikuwa wameniitikia kwa tabasamu, lakini hakufika hata mmoja. Nilipowapitia jioni walisema tu kwamba walikuwa na kazi.

Sielewi kosa langu liko wapi. Sokoni wananisalimu vizuri, watoto wao wananiita mwalimu. Nimeona aibu, Baba, na chai ile nimeinywa mwenyewe mpaka leo asubuhi.

Mwanao,
Rashidah


Kasese, 10 Desemba 2024

Mwanangu mpendwa,

Salaam nyingi. Barua yako nimeisoma mara mbili na sikufurahi kama nilivyodhani ningefurahi.

Umejaribu, hakuna atakayesema hukujaribu. Lakini neno ni neno. Jumamosi hii Latif atapakia saruji Hima na kuileta moja kwa moja kwako. Fungasha vitabu katika maboksi, visije vikaharibiwa na vumbi lake. Nitakutafutia kabati hapa dukani, wanafunzi wa mjini waje wasome hapa kama watapenda. Usilie. Chumba chako cha kulala nimeshapaka rangi.

Baba yako,
Magidu


Bwera, 15 Desemba 2024

Kwa Baba yangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Kwanza kabisa, saruji yako ni kavu. Hakuna mfuko hata mmoja ulioloa. Sasa kaa vizuri unyooshe mguu, nikueleze iliko.

Barua yako ilinifikia Jumatano. Nilitii. Nilianza kufungasha vitabu huku machozi yananidondoka, ndipo akaingia Kabugho, yule jirani anayeuza samaki wa ziwani Hamukungu. Akaniuliza nahamia wapi. Nilipomweleza habari za Jumamosi ile, alicheka mpaka akaweka beseni chini.

"Rashidah, wewe iko mutu ya wapi? Nani atasimulia hadithi jua ikiwa juu? Mama yangu ilisema ukisimulia mchana, mbuzi zinapotea na shamba inalala. Hadithi ni ya jioni, kama watu imemaliza kula."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tuliona umeandika kwa karatasi, redio pia imesema. Tukajua wewe unajua. Mutu anaweza kwambia mwalimu amekosa?"

Baba, miaka yote tuliyokaa na watu hawa hatukulijua hilo. Mimi nilikulia dukani Kasese, hadithi nilizisikia redioni mchana wa Jumapili, nikafikiri hadithi ni kama mkate, unauzwa saa yoyote. Watu waliona aibu kunisahihisha, nami nikadhani hawanitaki. Niliposikia maneno ya Kabugho nilikaa juu ya boksi nikacheka naye, na kifua kikafunguka.

Siku zenyewe zilikuwa zimebaki chache na saruji ilikuwa njiani. Nikasema basi, tuagane vizuri. Nikaenda nyumba kwa nyumba, nikawaambia hadithi ni Jumamosi baada ya Magharibi, nje, mbele ya mlango, pawe na moto. Niliwaambia pia kwamba ni mara ya kwanza na ya mwisho.

Walikuja, Baba. Walikuja na vigoda vyao, na watoto mgongoni, na mahindi ya kuchoma. Waislamu walikuja wakitoka kuswali, na Wakongo wa mtaa wa pili walikuja na Aimée, kwa sababu kumbe hadithi zao na za hapa ni zile zile, lugha ni karibu moja. Kabugho alianza na sungura aliyemkopa fisi mkia. Akisema neno la kufungulia, watu wote wanaitikia pamoja. Nilipata baridi mwilini, na haikuwa ya milimani.

Hadithi ya pili ilikuwa katikati lori lako lilipoingia, na mvua nayo ikaja nyuma yake. Unajua mvua ya huku haibishi hodi. Watu wakabeba moto kwa kipande cha bati na kuutia kwenye majiko, wote wakakimbilia ndani. Walikaa juu ya maboksi ya vitabu, dirishani, chini ya meza. Latif alifungua mlango akakuta migongo. Akasimama kwenye mvua akapiga kelele, "Nishushe wapi simiti ya Hajji? Turubai imepasuka huku nyuma, itageuka mawe."

Niliona mali yako inaharibika kwa ajili ya sungura na fisi. Nilitaka kuwaambia watu watoke, na kweli nilifungua mdomo. Ndipo akasimama Benoît, mume wa Aimée, mtu mrefu mpole anayeuza misumari na mabati. Akasema, "Mama, batu bakae. Depo yangu iko hapa mbele, iko muzima, haivuji. Leta hiyo kamio ya simiti. Tutabeba siye wenyewe."

Wanaume wakavua mashati. Wakabeba mifuko yako kichwani, Latif akiwahesabia, na wanawake wakaendelea kuwashikilia watoto kwa hadithi wasiende kuloa. Walipomaliza, Latif mwenyewe aliingia, akakaa mlangoni akipangusa uso, akauliza fisi amefikia wapi. Aliondoka hadithi zilipokwisha.

Benoît amekataa malipo. Amesema tu kwamba akifika mgeni na mzigo, mzigo unalala ndani kabla ya mgeni.

Nimefanya nisichotumwa, Baba. Saruji haikuingia chumbani. Ulisema chumba kikijaa watu utanyamaza, lakini pia ulisema neno ni neno, na sijui lipi sasa ndilo neno. Vitabu bado viko kwenye maboksi. Nasubiri kauli yako.

Mwanao,
Rashidah


Kasese, 18 Desemba 2024

Mwanangu,

Salaam. Nimemhoji Latif kama polisi. Alipofika kwenye fisi alisahau kwamba naulizia saruji, akanisimulia hadithi yote, nami nikasahau kumkatiza.

Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kubandika ratiba kabla ya kuuliza, na huo umeurithi kwangu, maana mimi nilileta kiatu cha mvua Kasese mwezi wa ukame nikashangaa hakiuziki.

Lakini mali yangu iko kwa mtu nisiyemjua. Mpe salamu Benoît, mwambie asante, na mwambie pia nitataka kumwona. Habari ya chumba sitaijibu leo. Nina hasira kidogo, na nina kitu kingine pia ambacho sijakipatia jina. Subiri.

Baba yako,
Magidu


Bwera, 27 Desemba 2024

Kwa Baba yangu,

Assalaam aleikum. Vipi afya, na Kasese kuna mvua? Huku jana Wakristo walikuwa bado wanakula Krismasi, nami nimeletewa wali na nyama ya kuku na nyumba zaidi ya moja.

Saruji yako imetoka yote. Benoît anawajua wanunuzi wa ng'ambo, nao wamependa kuikuta karibu na mpaka. Anasema ukitaka uiweke kwake daima, mtakubaliana kama watu wazima. Latif atakueleza.

Nimesubiri kauli yako na haijaja. Sikulaumu. Lakini nimeona nikuambie jambo moja bila kuzunguka. Nadhani saruji haikuwa sababu yote. Ulitaka nirudi ile sahani ya pili ipate mtu. Nami kila Ijumaa nakupikia wali moyoni. Kuondoka kwangu hakukuwa kukukimbia, Baba. Hapa kuna watoto wanaobisha hodi kabla sijanawa uso, na nikikaa nao najiona mtu kamili. Ukisema nirudi, nitarudi, na sitakununia. Ukisema nibaki, nitakuja kwako kila mwisho wa mwezi na Latif, na nitakaa siku mbili, na tutagombana ana kwa ana.

Jioni za hadithi zinaendelea. Mvua ikija tunabanana ndani. Ratiba ya Januari sijaiandika. Siwezi kuiandika kabla hujanijibu.

Mwanao,
Rashidah


Bwera, 9 Januari 2025

Kwa Baba yangu mpendwa mno,

Waaleikum salaam, hata kama hukunisalimu.

Barua yako sijaiona. Kila lori lilipopita nilitoka nje, Latif akanipungia mkono mtupu, mpaka nikaacha kutoka. Jana asubuhi nilikuwa ndani nikihamisha maboksi karibu na mlango, nikijiandaa kwa hili na lile, nikasikia lori linasimama. Nikajua ni saruji. Nilimwomba Mungu anipe sura nzuri ya kuipokea.

Latif alifungua nyuma. Sikuona mfuko hata mmoja. Aliteremsha mbao, mabati mapya, na fundi mmoja anayeitwa Asanasio, amekaa juu ya mbao amekumbatia msumeno wake. Nikamuuliza Latif kuna nini, akasema yeye ni dereva tu, ametumwa kukabidhi. Nikamgeukia fundi.

Asanasio akapima ukuta wa mbele kwa kamba, akapima tena, akasema, "Mzee amesema nijenge baraza. Paa itoke mpaka karibu na barabara, watu ikae chini yake na mvua isiwaguse. Amesema niache pahali pa moto katikati, moshi ipite juu."

Nikamuuliza kama hilo baraza ni la kushushia saruji.

Akaniangalia kana kwamba sijui kitu. "Simiti inakaa kwa Benoît. Mzee na yeye walimaliza hiyo maneno kwa simu wiki iliyopita. Mimi nimeambiwa baraza ya hadithi."

Nilikaa chini pale pale kwenye tope, Baba, na gauni langu la heshima. Nililia mpaka Kabugho akaja mbio akidhani kuna msiba. Nilipoweza kusema, nilimwambia hakuna msiba, ni baba yangu.

Leo nyundo inagonga tangu asubuhi, na mimi nimefungua maboksi yote. Vitabu viko rafuni. Usiandike barua, nimeshaelewa. Njoo Jumamosi na Latif, ukae mbele. Ni baada ya Magharibi, nimeuliza.

Mwanao,
Rashidah