Chupa za Shimo la Nyansiongo

Jumatatu, 10 Februari 2025

Nyansiongo. Mama Nyaboke alikuwa anachimbisha choo, akaangukia shimo la taka la mzungu aliyekuwa na shamba hilo zamani. Chupa kumi na moja! Za maji ya madini na soda, kijani, shingo imebanwa, gololi ya kioo ndani. Nimezikagua moja moja. Mshono unaishia chini ya mdomo, maana yake mdomo uliwekwa kwa mkono. Viputo ndani ya kioo. Maandishi yamechomoza. Mbili zina ufa, hizo ni takataka. Moja ina kitako cha mviringo, haisimami — ilitengenezwa ilazwe, kizibo kisikauke. Hiyo pekee, nikiiuza Nairobi, italipia choo chote na bati juu.

Nimemwambia azifukie tena, udongo wenye unyevu, kando ya ukuta wa nyumba. Kioo kilichokaa ardhini miaka mia kikipigwa na jua ghafla hupasuka. Nitarudi Alhamisi na maboksi. Na asimwambie mtu! Majirani wakijua bei, watachimba mpaka chini ya kitanda chake.

Jumatano, 12 Februari

Mama Nyaboke amepiga simu, sauti imevimba. Shemeji yake Ratemo, mdogo wa marehemu mumewe, alimwona akifukia. Akafukua moja, akaitikisa, gololi ikalia. Akaita watu: mnasikia, ni mtu amerogwa, amefungiwa humo. Kisha akampiga Mama Nyaboke mpini wa jembe mdomoni. Meno mawili yametoka.

Huyo Ratemo anataka shamba hilo tangu siku ya mazishi. Mbwa.

Nilitaka kwenda. Mume wangu Dahir amekataa — mimi ni Msomali, mgeni kule, niwaachie wazee wao. Nikabaki dukani kwetu, Keroka. Na nilichofikiria kwanza ni ile chupa ya kitako cha mviringo. Kwanza hiyo, halafu meno ya mama wa watu! Najichukia.

Alhamisi, 13 Februari

Nimeenda kwenye baraza la wazee wao, nikasimama nyuma kabisa. Chupa zote zimepangwa nyasini. Ratemo akazipasua kwa panga, moja baada ya nyingine, na kila gololi ikidondoka watu wanaruka nyuma. Kipande kimemkata shavu, hakujifuta. Alikuwa anafurahia.

Mama Nyaboke akasema hizo ni soda za mzungu, Samsam wa Keroka anajua. Akanitafuta kwa macho.

Niliinama nikafunga kamba ya kiatu. Sina la kuandika zaidi.

Ijumaa, 14 Februari

Wamechoma nyumba yake. Ng'ombe wake wamemkata mishipa ya miguu ya nyuma, wakamwacha akilia. Mama Nyaboke mwenyewe yuko hai, amefungiwa ofisi ya naibu chifu asiuawe. Dahir akasema si nilikwambia usiende. Nimemzaba kofi. Miaka kumi na tatu ya ndoa, la kwanza.

Jumamosi, 15 Februari, saa tisa alasiri

Naandikia ndani ya ofisi hiyo.

Nilikuja asubuhi na chupa ya dukani kwetu, ya aina ileile. Nikasimama barazani mwa ofisi, mbele ya watu labda mia mbili. Nikawaonyesha mshono. Nikawaeleza gesi ya soda ilivyosukuma gololi juu ikaziba mdomo. Nikatia maji, nikanywa. Wakatulia! Mwanamke mmoja mbele akaitikia kwa kichwa, akasema nyanya yake aliwahi kuzitaja soda za gololi.

Hapo ningenyamaza. Lakini nilikuwa nimekuja kutubu lile la kiatu. Nikasema, "Mimi ndiye nilimwambia azifukie. Na mimi ndiye nilimkataza asiseme."

Ratemo akasogea, polepole, kama mtu amepewa zawadi.

"Kwa hivyo ni wewe ulimfunza," akasema. "Hii kitu hakuna mtu anazaliwa nayo. Lazima kuna mwanamke anafunza mwingine. Sasa tumempata." Akamgeukia askari wa mlangoni. "Toa wote wawili."

Yule mwanamke wa mbele ndiye aliyerusha jiwe la kwanza. Limenipata juu ya jicho, askari akanivuta ndani.

Askari ni mmoja, ana rungu. Anasema gari la polisi linakuja. Alisema hivyo saa saba. Dirisha limevunjwa lote, tumeegemeza meza mlangoni, bati linapigwa mawe hata sauti yangu siisikii. Nimemwambia Mama Nyaboke anisamehe. Ananifuta damu kwa ncha ya leso yake.

Sasa wameacha mawe. Wanaimba swali moja kwa Kikisii, tena na tena. Nimemuuliza wanasema nini.

"Wanauliza ni nani alifunza wewe."

Aliyenifunza chupa ni mama yangu. Yuko dukani Keroka sasa hivi, peke yake, na jina lake, Hodan, limeandikwa juu ya mlango.