RAM Mbili na Kanisa Ambalo Halijajengwa

Jumatatu, 9 Juni

Laptop imeganda tena. Palepale, nikianza kuweka paa kwenye mchoro wa kanisa. Nimeizima kwa nguvu, nimechemsha chai, nimeiwasha, imeganda. Sina hata hasira tena.

Jumapili wazee wa usharika wa nyumbani, kule Kisongo, wanakaa kuamua kama wajenge kanisa jipya au wapake rangi lile la zamani. Nimewaahidi kwamba watalitembelea hilo jipya kabla halijachimbiwa msingi: getini, mlangoni, hadi madhabahuni. Kwenye video. Ni kazi yangu ya kwanza tangu nimalize chuo, na wapo wanaosema ingepewa mtu mzima. Nikishindwa, kanisa halijengwi na mimi sitapewa tena kitu cha kuchora.

Kompyuta yangu mpya ipo mezani vipande vipande. Kasha, bodi, prosesa, pawa saplai. Nimekuwa nikinunua kimoja kimoja tangu Krismasi. Imebaki RAM, na ndiyo ninayoiogopa. Vingine nilichagua kwa kusoma. Kwenye hii kila mtu ana lake la kusema.

Jumatano, 11 Juni

Ngarenaro, dukani kwa Shirima. Mzee huyu wa Kichaga anauza kila kitu na anatania kila mtu. Nimemwamkia, ameitikia, kisha akaniuliza kama nataka RAM au nataka kuolewa nayo, maana maswali yangu ni ya mshenga.

Lakini amenieleza vizuri, sikatai. RAM ni meza, si kabati. Kabatini unatunza vitu, mezani unavitandaza ukivifanyia kazi. Meza ikiwa ndogo, kutwa unainuka kwenda kabatini. Ndiyo shida ya laptop yangu.

Akaniwekea mbili mpya za GB nane, na garantii yake. Pembeni akaweka mbili zilizokwishatumika za GB kumi na sita, zimetolewa kwenye kompyuta za ofisi fulani. Hizo hazina garantii. Nikiondoka nazo, nimeondoka nazo. Akasema nitakazochukua ziwe pacha, zinafanya kazi vizuri zaidi zikienda pamoja.

Nilisimama pale hadi akaanza kumhudumia mteja mwingine. Mpya zina amani. Kuukuu zina nafasi. Nikafikiria madirisha yangu ya vioo vya rangi, na mlima Meru nyuma. Nikachukua kuukuu. Potelea mbali.

Alhamisi, 12 Juni

Nimeiunga. RAM inataka kusukumwa kuliko mtu anavyothubutu. Nilifumba macho, ikalia kak. Ya pili nayo, kak. Nikawasha. Feni zikazunguka. Skrini ikaandika: 32 GB.

Nilikaa chini sakafuni. Vyuma vilivyokaa kimya tangu Krismasi vimeamka na kujihesabu vyenyewe. Mungu wangu. Na aliyeviunga ni mimi.

Nikafungua kanisa lote. Paa, vioo, maua, watu, Meru na wingu lake. Halikuganda. Nililizungusha hadi chai ikapoa. Nimelia kidogo. Naandika kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Ijumaa, 13 Juni

Baba amekuja kutoka Kisongo na kibuyu cha maziwa. Kwetu Waarusha kitu kipya hakianzi kazi bila baraka: ndama, nyumba, bibi harusi. Baba ni mzee wa kanisa, lakini baraka ya maziwa hajaiacha, na mchungaji mwenyewe anajua.

Aliuliza kanisa limekaa wapi ndani ya lile kasha. Kwa kupenda kwangu sifa, nikafungua ubavu mashine ikiwa inawaka, nikamwonyesha RAM zote mbili. Nikamwambia limetandazwa hapa. Alitazama sana. Akasema maneno ya baraka kwa Kimaasai, akachukua funda la maziwa, na kabla sijaelewa akalipulizia palepale nilipomwonyesha.

Cheche. Kisha kimya.

Nikachomoa waya na kumwambia ameniua. Nilimwambia hivyo baba yangu, kwa sauti. Akakaa kwenye kochi, kibuyu mapajani. Mimi mwenyewe nimemwonyesha pa kupulizia, halafu nikamfokea. Nina aibu na bado nina hasira.

Jumamosi, 14 Juni

Baba hakuondoka, alilala kwenye kochi. Asubuhi nikamwomba radhi. Akasema, "Ndama hafi kwa maziwa, Naserian. Nilidhani na hii ni hivyo."

Nikachomoa kila kitu. Spiriti, pamba, mswaki mpya. Baba akanimulikia kwa tochi ya simu. RAM moja imekufa. Nyingine nikaiweka peke yake, ikawaka. 16 GB. Nilipiga magoti, sikujali anaona.

Lakini kanisa lote halikuenea humo. Video ikakwama katikati. Nikampigia Shirima, yuko harusini Moshi, duka limefungwa. Basi nikaanza kupunguza. Nikatoa magari. Nikatoa maua, nikatoa watu. Bado. Vikabaki vioo vya rangi na mlima, na kimoja kilipaswa kuondoka. Vioo ndivyo vilivyonichukua mwezi mzima. Nikamuuliza baba. Akasema wazee wasipouona mlima watajua hilo kanisa ni la watu wengine.

Nikaondoa rangi zote, vioo vikabaki vyeupe. Iliniuma sana. Mashine ikachakata mchana kutwa, baba akaitazama asilimia ikipanda kama anachunga. Ikamaliza.

Jumapili, 15 Juni

Wanajenga. Hakuna aliyepinga.

Ilikuwa kwenye ukumbi wa usharika, shuka jeupe ukutani, projekta ya kuazima. Baridi ya Juni, wazee na makoti yao na kofia. Video ilianza getini. Meru ilipotokea nyuma ya paa, mtu mmoja akaguna, wengine wakamnyamazisha.

Picha ikafika mlangoni. Mlango ukafunguka, tukaanza kuingia. Mzee wa mbele akavua kofia. Akafuata wa pembeni yake. Halafu safu nzima, bila kuambiana, na baba akiwemo. Walikaa hivyo hadi madhabahuni, kofia magotini, wakitazama juu darini kwenye mbao ambazo bado ni miti.

Picha ilipotoka tena nje, wakavaa kofia zao.