Maharagi Inajilisha, Bulongo Je?

Mujukuu wangu Ngoie,

Jambo sana. Hapa Kamina tuko bazima. Ni magoti tu ya nkambo yako mwanaume ingali inasumbua. Mbuzi alizaa mapacha.

Unaniuliza kama mwalimu wako wa Lubumbashi anasema kweli, eti maharagi inajilisha yenyewe, haina lazima ya mavi ya mbuzi.

Sikia. Nilipoolewa, mama mukwe alinipa shamba ya kuchoka, nyuma ya nyumba. Nikabeba mavi ya mbuzi ndani ya beseni kutoka kwa baba yangu, nikipita mbele ya kanisa, bamama ba kwaya banaziba pua. Niliimwaga ingali mbichi: maharagi ikaota majani tele, maganda hakuna. Bakacheka mpaka machozi.

Sikuacha! Mwaka wa pili niliacha mavi ioze kwanza, mpaka harufu ikaisha. Nikang'oa shina moja: maganda ilijaa, mizizi ilikuwa na vinundu, ndani nyekundu, njo mule maharagi inapata chakula yake, na bulongo ilikuwa nyeusi, laini, yenye minyoo.

Maharagi inajilisha, njo kweli. Lakini bulongo, nani anailisha?

Bale bamama balihamisha mashamba yabo kila mwaka, bulongo ikichoka, kila mara mbali zaidi. Yangu iko palepale. Mwalimu wako aje, achimbe mwenyewe. Ila asizibe pua.

Nkambo yako mwanamuke