Mkono wa Tatu wa Mtakatifu Kasimiri

Vilnius, Machi 4, 2006

Mama mpendwa,

Kifua chako vipi, na yule ng'ombe mkorofi? Sisi wazima, ila mimi roho iko juu juu. Upasuaji ni Jumanne. Watamlaza Ūla wangu kwa nusukaputi, watenganishe vile vidole vinne vya mkono wa kulia alivyozaliwa navyo vimeshikana. Mtoto wa miaka miwili, Mama! Asipoamka je?

Leo sikukuu ya Mtakatifu Kasimiri nimekwenda kanisa kuu kama ulivyoniagiza. Watu kibao! Nikapenya na mtoto mikononi mpaka kwenye picha yake, bibi mmoja akanigeukia: "Wee binti, wasukuma nini? Ana mikono mitatu huyu, atatufikia sote!" Nikacheka, mara machozi. Nikautazama ule mkono ambao wasema mchoraji aliufuta ukarudi wenyewe, nikamwambia Mtakatifu: miwili ina kazi zake, huo wa tatu niazime mpaka Jumanne.

Kisha nikatafuta kigae cha miujiza huko uwanjani mbele ya kanisa, kile ambacho watu huzunguka juu yake wakiomba jambo. Kilipo sisemi, kila mtu hujitafutia. Nikazunguka mara tatu juu yake, Ūla akadhani mchezo. Nimeomba aamke, na baridi ijayo avae glavu nyekundu zenye vidole vitano, si zile za mfuko unazomfumia kila mwaka.

Mwanao,
Skaistė


Vilnius, Machi 5

Mama,

Hujambo? Barua ya jana USIIFUNGUE! Nilimwambia Bi Genovaitė wa kitanda cha pili hapa wodini kwamba nimekuandikia ombi langu la kigaeni, akajipiga kipaji cha uso: "Mjinga we! Likisemwa halitimii!" Nimekimbilia sanduku la posta, wameshazichukua. Usiifungue, nakuomba. Mdomo wangu huu, tangu utotoni.

Mwanao,
Skaistė


Kijijini, Machi 10

Skaistė mwanangu,

Kifua afadhali. Ng'ombe kampiga teke mleta barua. Zako zimefika pamoja, na ile ya kwanza nimeiweka nyuma ya picha ya Bikira. Lakini wewe mtoto! Habari zote umezitia humo, halafu wanikataza. Wameshampasua? Ameamka? Simu ya jirani siisikii, wajua masikio yangu. Nashinda nafuma tu, mikono ikitulia nitapata wazimu. Andika hata neno moja.

Nakutumia kifurushi. Nawe usikifungue mpaka uvione vidole vyake.

Mama yako


Vilnius, Machi 16

Mama yangu,

Ameamka. Naanza na hilo, salamu baadaye. Aliamka Jumanne ileile, akadai maji, akamtukana daktari "mbuzi". Nilichelewa kukuandikia kwa woga: bendeji ilikuwa bado, na mdomo wangu ulishaniponza mara moja. Nisamehe.

Leo wameifungua. Vitano, Mama. Kimoja kimepinda kidogo, daktari anasema kitanyooka.

Ndipo nikafungua kifurushi. Glavu. Zenye vidole. Nyekundu.

Eti bahasha iko nyuma ya Bikira?

Sikuulizi. Bi Genovaitė amecheka mpaka akashika mbavu, anasema labda kigae hakijui kusoma. Ya kushoto Ūla ameivaa, hataki kuivua hata kwa supu. Ya kulia inasubiri kidonda kikauke, iko chini ya mto wake.

Sasa hivi anavigusa vya kulia, kimoja kimoja, anahesabu: moja, mbili. Moja, mbili. Hajui kinachofuata. Kwa mkono huu hakuwahi kukihitaji. Ngoja nimfundishe.

Mwanao,
Skaistė